Chumvi ya Kambini, Sembe ya Mjini

Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika hospitali ya Waafrika kusini mwa Kavirondo, magharibi mwa Kenya, alikuwepo daktari Mwingereza aliyeitwa C. P. Donnison. Shughuli zake zilikuwa zile zile za madaktari wote wa koloni: malaria, minyoo, vidonda, vichomi. Juu ya hizo akaongeza nyingine. Aliwaita wanaume wa eneo hilo mmoja mmoja, akawafunga kitambaa mkononi, akatazama zebaki ikipanda na kushuka, akaandika namba, hadi wakatimia kama 1,000. Mwaka 1929 jarida la Lancet la London likachapisha alichokipata. Shinikizo la damu la vijana wa Kavirondo lilifanana na la vijana wa Ulaya. Njia ziliachana baada ya umri wa miaka 40: Mzungu alivyozidi kuzeeka ndivyo namba zake zilivyozidi kupanda, ilhali za Mkavirondo zilishuka. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika kipindi cha karibu miaka miwili, Donnison hakumwona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha.

Mtoto aliyezaliwa Kavirondo mwaka huo, kama Mungu alimjalia umri, alikuwa na miaka 86 Wakenya walipopimwa tena kitaifa mwaka 2015. Safari hii takriban mtu mzima 1 kati ya 4 alikutwa na shinikizo la juu la damu, na karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Umri wa mtu mmoja umetosha kuigeuza hali hiyo juu chini. Tunapouliza kimetokea nini katikati, jibu jepesi liko mdomoni tayari: watu wamekuwa walafi, wameacha jembe, wamependa raha. Jibu hilo halijui historia. Ukizifuata hatua moja baada ya nyingine utaona kwamba miili ya watu wa Afrika Mashariki ilibadilika pale posho yao, kazi yao na makazi yao vilipobadilishwa, mara nyingi kwa uamuzi wa watu wengine. Utaona pia kwamba ushahidi wa jambo hilo ulikusanywa hapa hapa kwetu, kwenye mikono ya wakulima, wafugaji na askari wetu, tena mapema kabisa, lakini haukutumika kuwalinda.

Kabla ya kwenda mbali ni haki kumsikiliza anayetilia shaka namba za zamani. Atasema wanaume 1,000 wa wilaya moja si Waafrika wote, kwamba wagonjwa wengi hawakufika hospitalini, na kwamba watu walikufa mapema mno kuweza kuugua magonjwa ya uzeeni. Hoja hizi zina uzito, na hesabu ya waliolazwa peke yake isingetosha kumjibu. Lakini Donnison hakusubiri wagonjwa waje. Aliwapima watu wazima wa rika mbalimbali, na waliofika miaka 50 na 60 walikuwepo mbele yake, wenye namba za chini. Miaka michache baadaye F. W. Vint, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti jijini Nairobi, aliandika juu ya maiti 1,000 za Waafrika, na mishipa ya moyo iliyoziba ilikuwa kitu adimu kwenye orodha yake. Shahidi mmoja anaweza kukosea. Wawili waliotumia njia zisizofanana, mmoja kwa walio hai na mwingine kwa wafu, ni vigumu kuwapuuza.

Madaktari wa wakati huo waliliona jambo hilo, ila walilisoma kombo. Wengi walidhani Mwafrika ana kinga ya asili, kwamba mwili wake umeumbwa tofauti au akili yake haina mawazo yanayopandisha damu. Ni fikra iliyowafaa watawala, maana kitu cha asili hakihitaji uangalizi. Wakati huohuo koloni ilikuwa ikiibadilisha sahani. Kwenye mashamba ya walowezi, reli na migodi, kibarua alilishwa unga wa mahindi kwa kipimo cha kila siku, na kipimo hicho kikaitwa posho. Huko Uganda neno hilo limebaki kuwa jina la ugali wenyewe mpaka leo. Mtama, ulezi, mihogo, mboga za porini na maziwa mgando vilirudi nyuma, na mahindi meupe yakakaa mbele kwa sababu yalikuwa rahisi kusaga, kubeba na kugawa. Watafiti John Boyd Orr na John Gilks walipolinganisha miili ya Wamaasai wafugaji na Wakikuyu wakulima katika taarifa ya mwaka 1931, waliona kwamba mwanaume wa Kimaasai alimzidi wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Hofu ya enzi ile ilikuwa wembamba wa kibarua asiye na nguvu za kuzalisha.

Aliyeishi ndani ya pande zote mbili za historia hii ni Hugh Trowell. Alifika Kenya mwaka huo huo wa 1929, kisha akahamia Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kwashiorkor, kwashakoo kama tunavyoiita: watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele kwa kukosa chakula kinachojenga mwili, na kitabu alichoandika na wenzake mwaka 1954 ni moja ya nguzo za elimu ya ugonjwa huo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki habari za mgonjwa wa aina nyingine kabisa: Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, na alikuwa mnene. Karibu miongo mitatu ya kazi hospitalini, na mgonjwa wa namna hiyo alikuwa jambo la kuandikiwa makala. Trowell aliondoka, akatoa mwaka 1960 kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Aliporudi kutembea mwaka 1970 alishangaa kukuta miji imejaa watu wanene, na kliniki za kisukari zimefunguliwa katika kila mji mkubwa. Miaka 12 tu ilikuwa imepita. Hakuna asili inayobadilika kwa miaka 12.

Katikati ya safari hizo mbili ndipo ulipofanyika uchunguzi ambao, kwa maoni yangu, ungepaswa kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi cha ukanda huu. A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, aliwapima Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, wafugaji waliokuwa wakiishi kwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe, wakitembea siku nzima nyuma ya mifugo. Shinikizo lao la damu halikupanda kwa umri. Kisha akawafuata morani wa Kisamburu walioandikishwa katika jeshi la Kenya. Hebu tumtazame mmoja wao kwa karibu. Ni kijana mrefu, mwembamba, hana ugonjwa. Ndiyo maana ameandikishwa. Hajafika mjini kutafuta anasa. Anaamka alfajiri, anakimbia, anabeba mzigo, anafyeka, anafanya mazoezi kuliko karani yeyote wa Nairobi. Kilichobadilika ni sufuria ya kambini: unga wa mahindi, mchele, mlo wa saa maalumu, na chumvi iliyogawiwa pamoja na posho, mara kadhaa zaidi ya ile aliyoizoea manyattani. Uzito wake ukaongezeka, na shinikizo lake la damu likapanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1969. Kijana huyu hakuchagua chakula chake, hakuwa mvivu wala mlafi. Alikula alichopakuliwa.

Hapa pia ndipo hoja ya damu na ukoo inapopoteza nguvu. Mwaka 1962 James Neel, mtaalamu wa urithi wa Marekani, alipendekeza kwamba watu ambao mababu zao walizoea njaa wamerithi mwili unaoweka akiba, na kwamba akiba hiyo inageuka maradhi neema inapokuja. Sina haja ya kukana kwamba urithi upo. Familia zenye kisukari tunazijua. Lakini morani kabla ya kambi na morani baada ya kambi ni mtu yule yule. Jambo hili lilithibitishwa tena na watafiti wa Kenya na Uingereza waliowafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi, wakiwapima tangu mwezi wa kwanza wa kufika na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Taarifa yao ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba shinikizo la waliohama lilianza kutofautiana mapema sana. Mkojo wao ulieleza sehemu ya sababu: chumvi zaidi, na upungufu wa potasiamu, madini tunayoyapata kwenye mboga, matunda na ndizi. Kama urithi ungekuwa ndio mwenye neno la mwisho, basi lisingekuwa na maana kama mtu amelala kijijini au Nairobi.

Tanzania ilifika kwenye ukurasa huu kwa kuchelewa kidogo. Katika miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walikwenda katika vijiji 6 kupima kisukari kwa watu zaidi ya 6,000, na waliokuwa nacho hawakufika hata 1 kati ya 100. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1989. Mwongo uliofuata watafiti walilinganisha mtaa mmoja wa Dar es Salaam na kijiji kimoja cha Kilimanjaro: mjini kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake, kijijini asilimia 1.7 na 1.1. Baadaye wakafuatwa watu waliotoka vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Ndani ya miezi 12 walikuwa wameongeza wastani wa kilo 2 na zaidi, na kazi za kutoa jasho zilikuwa zimeporomoka. Katika tafiti za afya za kitaifa, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 11 miaka ya 1991 na 1992, 18 miaka ya 2004 na 2005, 28 miaka ya 2015 na 2016, kisha 36 mwaka 2022. Kenya mwaka huo huo wa 2022 walikuwa asilimia 45.

Kwa nini mjini? Anza na unga. Dona ni mahindi yaliyosagwa na ganda na kiini chake. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa kwanza, pumba zikaenda kwa kuku na ng'ombe, ukabaki wanga mweupe unaolainika haraka tumboni na kuingia kwenye damu upesi. Wanawake waliokoboa kwa kinu na mchi walijua ni kazi ya kuumiza mikono. Mashine iliifanya kwa dakika, na weupe ukawa dalili ya ustaarabu. Anayepika dona mbele ya wageni anaogopa kuonekana hana kitu. Halafu mafuta. Watanzania waliopanga foleni ya sukari, sabuni na mafuta ya kula mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi milango ilivyofunguliwa baada ya mwaka 1985. Bidhaa zikajaa madukani, na mafuta ya mawese ya kutoka Indonesia na Malaysia yakawa yanapimwa kwa kikombe hata kwenye kibanda cha uchochoroni. Nani angelaumu furaha ile? Njaa ya bidhaa ilikuwa imewachosha watu. Lakini mafuta yakawa njia nafuu kuliko zote ya kushiba. Kijana wa gereji anayekula chipsi mayai saa saba mchana, kutoka kwenye karai lililochemka tangu asubuhi, hana wazimu. Amepiga hesabu ya fedha aliyonayo, muda alionao, na kilichopo ndani ya hatua 100. Mchicha na maharage vinahitaji kuni au gesi, saa mbili, na mtu wa kupika.

Watu watasema: lakini watu wetu wanapenda unene wenyewe. Ni kweli kwamba lugha yetu imeusifu. Mtu akirudi safari amejaa mashavu tunamwambia amependeza. Kitambi cha mwajiriwa kimesomwa kama barua ya mshahara. Bibi harusi aliyenona amewapa heshima waliomlea. Sifa hizo zilikuwa na akili yake katika nchi ambazo ukame ulifuatana na nzige, na mwili ulikuwa ghala pekee lisiloibiwa. Halafu, mara tu sababu hiyo ilipoanza kupungua, ukaja UKIMWI. Madaktari wa Uganda waliuelezea mwaka 1985 kwa jina ambalo wanavijiji wenyewe waliupa, Slim, yaani kukonda. Ng'ambo ya mpaka, Kagera, waliuita Juliana. Kwa miaka 20 hivi mtu aliyepungua kilo alinong'onewa, hata kama amepungua kwa kufuata ushauri wa daktari. Kunenepa kukawa hati ya usafi. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa apunguze uzito alikuwa akiambiwa, kwa lugha ya mtaa wake, aanze kufanana na marehemu. Asiyelijua hilo atamwita mkaidi. Mimi naona mtu aliyebanwa kati ya hofu mbili, na aliyechagua ile aliyoiona kwa macho yake ikizika jirani.

Lipo pingamizi jingine, na ndilo linalonigusa zaidi kwa sababu linatoka kwa watu wenye huruma. Wanauliza: nchi ambayo watoto wake wanadumaa ina haki gani ya kutumia fedha kwa watu walioshiba? Mwaka 2022 watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Swali linadhani kwamba mdumavu na mnene ni watu wa nyumba mbili tofauti. Mara nyingi wanaishi chini ya bati moja: mama mwenye presha na mtoto mfupi kuliko umri wake, wote wakila kutoka sufuria moja yenye wanga mwingi, mafuta, na kidogo sana cha kitu kingine. Trowell alikutana na nyuso zote mbili za sufuria hiyo katika maisha yake ya kazi, kwanza kwa watoto wa Mulago, kisha kwa watu wazima wa mijini. Tena kuanzia miaka ya 1980 David Barker wa Southampton alionyesha kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo hukabiliwa zaidi na maradhi ya moyo na kisukari ukubwani. Mtoto anayedumaa leo ndiye mgonjwa wa figo wa mwaka 2060. Kumlisha vizuri ni kinga ya magonjwa yote mawili, na anayetaka tuchague moja hajaitazama sufuria.

Wala siandiki kwa kuililia Kavirondo ya Donnison. Watu wale walizika watoto wengi kuliko tunavyoweza kufikiria, na presha yao nzuri haikuwaokoa na nimonia. Ninachodai ni kwamba hospitali na zahanati zetu zilijengwa kwa ajili ya yale magonjwa yao: mtu anaugua, anakuja, anapewa dawa siku saba, anapona au anakufa. Kisukari na presha havina siku saba. Vinataka faili linalotunzwa miaka 30, dawa isiyokatika, na mtumishi anayemkumbuka mgonjwa kwa jina. Kenya imekiri katika mipango yake kwamba zaidi ya nusu ya wanaolazwa wanaletwa na magonjwa yasiyoambukiza, lakini anayetembelea zahanati ya kijijini bado atakuta kipimo cha malaria kipo na cha sukari kimekwisha. Kuhusu chumvi ya mkate na unga unaokobolewa, uamuzi unafanyika viwandani na wizarani, mahali ambapo mlaji hakaribishwi, kama vile morani hakukaribishwa stoo ya kambi kupima chumvi yake.

Gharama ya kuchelewa inaonekana vizuri zaidi miguuni. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huua mishipa ya fahamu ya nyayo, na mtu hukanyaga msumari akaendelea na safari. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasihisi kitu, wakaamka na kukuta damu kwenye shuka. Wagonjwa hao hawakuwa wakiishi kwenye majumba ya kifahari. Katika miaka hiyo ulianza mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuitunza miguu kabla haijaoza, na kifaa chake kikuu ni kipande cha uzi wa nailoni kilichofungwa kwenye kijiti. Mgonjwa anavua viatu, anafumba macho. Muuguzi anagusa unyayo kwa ncha ya uzi mpaka upinde kidogo, akimwambia aseme ndiyo kila anapohisi. Asiposema kitu, muuguzi anatia alama kwenye mchoro wa mguu, kisha anausogeza uzi kwenye kidole kinachofuata.